Utambuzi wa magurudumu ya spoki yaliyobadilishwa kwenye magari ya kale

Utambuzi wa magurudumu ya spoki yaliyobadilishwa ni uchunguzi wa magurudumu ya waya ya gari la kale ili kujua kama bado yako jinsi yalivyotoka kiwandani au yalibadilishwa baadaye. Mabadiliko yanaweza kuhusu ukubwa wa ringi, upana wake, idadi ya spoki, habu, njia ya kufunga gurudumu kwenye ekseli au rangi yake.

Uchunguzi huo hufanywa na mafundi, wanunuzi, waamuzi wa maonyesho ya magari na watunzaji wa makumbusho. Una sababu kuu mbili. Ya kwanza ni usalama: gurudumu lililofumwa upya vibaya linaweza kukatika spoki au kuchomoka gari likiwa katika mwendo. Ya pili ni ukweli wa historia: gari linalouzwa au kuonyeshwa kama la asili hupoteza sehemu ya thamani yake iwapo magurudumu yake ni ya mtindo au ukubwa mwingine.

Neno "gari la kale" lina maana pana. Nchini Uingereza chama cha Vintage Sports-Car Club, kilichoanzishwa mwaka 1934, hutumia neno "vintage" kwa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1930. Katika makala hii yanajumuishwa pia magari ya michezo ya miaka ya 1930 hadi 1960, kwa sababu mengi yake yalitumia magurudumu ya aina hii.

Historia

Gurudumu la spoki za waya lilianza kabla ya motokaa. Mwaka 1808 Mwingereza George Cayley alifikiria gurudumu jepesi lenye nyuzi zilizovutwa badala ya vijiti vya mbao. Mwaka 1869 Eugène Meyer alipata hataza mjini Paris kwa gurudumu la waya la baiskeli. Mnamo 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, alileta mpangilio wa spoki zinazotoka ubavuni mwa habu na kupishana. Mpangilio huo bado unaonekana kwenye baiskeli za leo.

Gari la kwanza la Karl Benz, lililopata hataza mwaka 1886, lilitembea kwa magurudumu matatu ya waya. Baadaye magari yalikuwa mazito, na watengenezaji wengi wakarudi kwenye spoki nene za mbao. Waya ulipata nafasi tena mwanzoni mwa karne ya 20, pale kampuni ya Rudge-Whitworth ya Coventry ilipotengeneza gurudumu linaloweza kutolewa haraka kwa kufungua nati moja kubwa ya katikati. Matairi ya wakati ule yalitoboka mara kwa mara, kwa hiyo gurudumu la kubadilishwa kwa dakika chache lilikuwa faida kubwa, hasa kwenye mbio.

Mfumo wa Rudge-Whitworth ulisambaa Ulaya kwa leseni. Nchini Italia kampuni ya Carlo Borrani ya Milano ilianza mwaka 1922 kwa leseni hiyo, ikawa maarufu kwa magurudumu ya Alfa Romeo na baadaye Ferrari. Nchini Uingereza Dunlop ilitengeneza magurudumu ya aina hiyo kwa ajili ya MG, Jaguar, Austin-Healey na Triumph. Nchini Marekani kulikuwa na watengenezaji kadhaa, wakiwemo Kelsey-Hayes na Dayton Wire Wheel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1916 katika mji wa Dayton, Ohio.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 magurudumu ya bamba la chuma yalichukua nafasi kwenye magari ya kawaida kwa sababu yalikuwa rahisi kutengeneza na kusafisha. Spoki zilibaki kwenye magari ya michezo hadi miaka ya 1960 na 1970.

Muundo

Gurudumu la spoki lina sehemu kuu nne:

- Ringi, yaani duara la nje linaloshika tairi.
- Habu, yaani kitovu kinachokaa kwenye ekseli.
- Spoki, yaani nyaya za chuma zinazounganisha habu na ringi.
- Nati ndogo za spoki, ambazo hukaa kwenye matundu ya ringi na kukaza kila spoki.

Spoki ya waya haibebi mzigo kama mguu wa meza. Kila spoki imevutwa, na mvuto wa zote kwa pamoja ndio unaoshikilia habu katikati. Uzito wa gari unapoikandamiza ringi chini, spoki za upande wa chini hupunguza mvuto wake kidogo, kisha huurudisha gurudumu linapozunguka. Hali hiyo hujirudia katika kila mzunguko. Spoki iliyolegea huchezacheza na kuchoka, nayo mara nyingi hukatika kwenye kona iliyopindwa karibu na habu.

Gurudumu la gari hupata nguvu ambazo la baiskeli halizipati kwa kiasi hicho. Injini na breki hulisokota, na kona hulisukuma ubavuni. Kwa hiyo habu ya gari huwa ndefu, na spoki hupangwa katika safu mbili au tatu. Spoki ndefu hutoka upande mmoja wa habu na fupi upande mwingine, zikipishana kwa mielekeo tofauti.

Aina za kufunga gurudumu

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni nati kubwa moja ya katikati. Ndani ya habu ya gurudumu kuna meno marefu yanayoingiana na meno ya habu ya ekseli. Meno hayo hupitisha nguvu za injini na breki, na nati hulizuia gurudumu lisitoke. Nati nyingi za zamani zina masikio mawili au matatu ya kupigwa kwa nyundo laini, kwa mfano ya shaba.

Ya pili ni bolti na nati kadhaa kama kwenye gurudumu la bamba. Ford Model A ilitumia njia hii. Magurudumu ya Dunlop ya aina ya Magna, ya miaka ya 1930, yalikuwa na habu pana iliyoficha nati hizo chini ya kifuniko, hivyo kwa mbali yalifanana na ya nati moja.

Spoki za kuchomelewa

Si kila gurudumu la waya lina nati ndogo za spoki. Magurudumu ya Ford Model A na ya Ford nyingine hadi mwaka 1935 yalikuwa na spoki zilizochomelewa kwa umeme kwenye ringi na habu huko kiwandani. Hayawezi kukazwa kwa spana. Mchunguzi asiyejua jambo hili anaweza kudhani kwamba uchomeleaji huo ni ukarabati wa mtaani, kumbe ndio asili yake. Kinyume chake, alama ya kuchomelea kwenye gurudumu la Dunlop au Borrani ni dalili mbaya, kwa kuwa spoki zake zilikusudiwa kukazwa kwa nati.

Mabadiliko ya kawaida

Kupunguza kipenyo cha ringi

Magari mengi ya miaka ya 1920 yalikuwa na ringi kubwa na nyembamba, zenye kipenyo cha inchi 19, 21 au zaidi. Matairi ya ukubwa huo yalipoanza kuwa adimu au ghali, wamiliki waliondoa ringi ya asili na kufuma ringi ndogo zaidi kwenye habu ileile. Wengine walifanya hivyo ili gari lishuke chini na kushika barabara vizuri zaidi. MG TC, iliyotoka kiwandani na ringi za inchi 19, ni mojawapo ya magari ambayo wamiliki walipenda kuyawekea ringi za inchi 16.

Mabadiliko haya hugusa pia kipimamwendo. Kama kipenyo cha nje cha tairi kikipungua kutoka inchi 28 hadi 26, gurudumu husafiri pungufu kwa takriban asilimia 7 katika kila mzunguko. Kipimamwendo kinapoonyesha kilomita 100 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu kilomita 93. Injini nayo huzunguka haraka zaidi kwa mwendo uleule.

Kuongeza upana

Ringi pana hubeba tairi pana. Hata hivyo upana wa ziada lazima uende mahali fulani: ndani kuelekea springi na breki, au nje kuelekea bawa la gari. Fundi anapofuma ringi pana kwenye habu ya zamani, hubadilisha urefu na pembe ya spoki. Pembe ikiwa ndogo mno upande mmoja, gurudumu hupoteza nguvu ya kuhimili msukumo wa ubavuni.

Kuongeza idadi ya spoki

Idadi ya spoki iliongezeka kadiri magari yalivyopata nguvu na uzito. Gurudumu la spoki 48 lilikuwa la kawaida kwenye magari mepesi ya michezo, kisha zikaja spoki 60 na 72. Wamiliki wengi wa magari ya spoki 48 waliweka ya 60 au 72 kwa ajili ya uimara. Hili ni badiliko linaloongeza usalama, lakini bado ni badiliko.

Kubadilisha aina ya ringi

Mnamo mwaka 1890 aina mbili za ringi zilipata hataza nchini Uingereza. Ya William Bartlett ilikuwa na kingo zilizokunjwa ambazo tairi lilijishikiza ndani yake. Ya Charles Kingston Welch ilikuwa na bonde katikati, na tairi lake lilikuwa na waya ukingoni. Magari ya mwanzo yalitumia sana kingo za kukunjwa. Tairi la namna hiyo hushikiliwa na upepo wa nguvu, na likipoteza upepo linaweza kuchomoka kwenye ringi. Kwa sababu hiyo magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1920 yalibadilishiwa ringi na kupewa zenye bonde.

Kupaka kromi na kutumia chuma kisichoshika kutu

Magurudumu mengi ya waya ya zamani yalitoka kiwandani yakiwa yamepakwa rangi, mara nyingi ya fedha au rangi inayolingana na gari. Kromi ilikuwa ya gharama ya ziada au haikuwepo kabisa. Leo magurudumu yenye kung'aa ni mengi kuliko yalivyokuwa wakati magari hayo yalipouzwa mapya.

Kromi ina hatari yake. Wakati wa kusafisha chuma kwa asidi na kukipaka kwa umeme, hidrojeni inaweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kirahisi. Spoki zilizopakwa kromi zinapaswa kupashwa moto ipasavyo baadaye ili hidrojeni itoke. Spoki za chuma kisichoshika kutu hung'aa bila kupakwa kitu.

Kuondoa mpira wa ndani

Gurudumu la spoki la asili huhitaji mpira wa ndani (tyubu), kwa sababu upepo hupenya kwenye matundu ya nati za spoki. Ndani ya ringi huzungushwa utepe wa mpira ili vichwa vya nati visitoboe tyubu. Baadhi ya magurudumu mapya yana ringi iliyozibwa matundu na yenye tuta la kushika ukingo wa tairi. Ringi ya zamani iliyozibwa kwa gundi ya silikoni bila tuta hilo si sawa na ringi iliyoundwa kwa tairi lisilo na tyubu.

Kuweka habu za kubandika

Gari lililotoka na magurudumu ya bamba linaweza kuwekewa habu zenye meno zinazofungwa kwa bolti juu ya habu za asili. Badiliko hilo husogeza gurudumu nje. Kwenye MGB kiwanda chenyewe kilitumia ekseli ya nyuma fupi zaidi kwa magari ya spoki kuliko kwa magari ya bamba. Kwa hiyo MGB ya spoki yenye ekseli ndefu na matairi yanayokaribia kugusa mabawa huonyesha kwamba ilibadilishwa.

Hatua za utambuzi

1. Kusoma kumbukumbu

Kazi huanza kwenye karatasi kabla ya nyundo. Kitabu cha gari, orodha ya vipuri ya kiwanda, matangazo ya wakati huo na picha za zamani hueleza kipenyo, upana na idadi ya spoki. Ni muhimu kuangalia pia orodha ya vitu vya hiari, maana gurudumu lisilo la kawaida linaweza kuwa liliuzwa na kiwanda kwa malipo ya ziada.

Mifano ya vipimo vinavyojulikana ni hii:

- Ford Model A ya 1928–1929: inchi 21. Ya 1930–1931: inchi 19.
- Ford ya 1932: inchi 18. Ya 1933–1934: inchi 17. Ya 1935: inchi 16.
- MG TC (1945–1949): inchi 19, tairi la upana wa inchi 4.50.
- MGB ya spoki (kuanzia 1962): inchi 14, spoki 60.
- Jaguar E-Type ya silinda sita (kuanzia 1961): inchi 15, spoki 72.

2. Kuhesabu na kupima

Spoki huhesabiwa kwa kuweka alama ya chaki kwenye ile ya kwanza. Kipenyo cha ringi hupimwa mahali tairi linapokaa, na upana hupimwa kati ya kuta za ndani za ringi. Kupima ukingo wa nje hadi wa nje hutoa jibu kubwa kuliko ukweli. Kosa hilo limewafanya watu wengi waamini kwamba ringi zao zimepanuliwa.

Habu za Rudge-Whitworth zilitengenezwa kwa ukubwa maalumu unaotajwa kwa milimita, kama 42, 52, 62, 72 na 80. Gari jepesi lilipata namba ndogo na gari zito namba kubwa. Habu ya ukubwa usiolingana na gari ni dalili kwamba ekseli au habu zilitoka kwenye gari lingine.

3. Kulinganisha magurudumu yote matano

Gurudumu la akiba ni shahidi mzuri. Mmiliki aliyebadilisha magurudumu manne yanayotembea mara nyingi aliliacha la akiba jinsi lilivyokuwa ili kupunguza gharama. Likiwa na kipenyo, idadi ya spoki au umbo la habu tofauti na mengine, swali linalofuata ni lipi kati yake lililo la asili.

4. Kutafuta mihuri

Baadhi ya watengenezaji waligonga jina, namba au kipimo kwenye ringi au habu. Ringi za Borrani zina jina la kampuni na herufi RW zikifuatiwa na namba ya aina. Muhuri pekee hautoshi, kwani unaweza kunakiliwa, na ringi halisi inaweza kufumwa kwenye habu isiyo yake. Muhuri, idadi ya spoki na vipimo lazima vikubaliane.

5. Kutumia sumaku

Sumaku hunata kwenye ringi ya chuma cha kawaida na hainati kwenye alumini. Borrani ilitengeneza ringi za alumini kwa magari mengi ya mbio na ya kifahari. Spoki nyingi za chuma kisichoshika kutu huvutwa na sumaku kidogo tu au hazivutwi kabisa. Kwa njia hiyo spoki mpya zilizochanganywa na za zamani hutambulika hata zikiwa zimepakwa rangi moja.

6. Kuchunguza ufumaji

Kwenye gurudumu la kiwandani spoki hupishana kwa mpangilio uleule kuzunguka duara lote. Dalili za ufumaji mpya ni hizi:

- Spoki zinazogusana mahali ambapo hazikupaswa kugusana.
- Spoki zilizopinda kwa sababu ni ndefu mno.
- Ncha za spoki zinazotokeza juu ya nati na kusagwa.
- Hesi za spoki zinazoonekana nje ya nati kwa sababu spoki ni fupi mno.
- Matundu ya ringi yasiyoelekea upande ambao spoki inatoka.

Dalili ya mwisho ni ya kutilia maanani kuliko zote. Matundu ya ringi ya asili hutobolewa na kubonyezwa kwa pembe ya spoki husika. Ringi ya gari au pikipiki nyingine inapotumiwa, nati huingia kwa mshazari na kuipinda spoki kwenye shingo yake, mahali inapokuja kukatika.

7. Kusikiliza

Fundi wa baiskeli hugonga spoki na kusikiliza mlio wake. Njia hiyo hufaa pia kwa gari. Gari huinuliwa, kisha kila spoki hugongwa kwa kipande kidogo cha chuma. Spoki iliyokazwa hulia kwa sauti kali, na iliyolegea hutoa sauti butu. Spoki za urefu tofauti hazilii sawa, kwa hiyo zinazolinganishwa ni za safu moja. Mlio unaobadilika ovyo ndani ya safu moja unaonyesha gurudumu lililofumwa bila uangalifu au lililochoka. Mlio butu wa spoki zote kwenye gurudumu lililopakwa rangi nzito unaweza kuwa wa rangi tu, hivyo huthibitishwa kwa spana.

8. Kukagua meno na nati ya katikati

Meno ya habu yaliyo mazima yana vichwa bapa. Yaliyoisha huwa makali kama ya msumeno. Vumbi la rangi ya kutu kuzunguka habu, au mlio wa "ko" gari linapoanza kurudi nyuma, ni ishara kwamba meno yanacheza. Gurudumu jipya likiwekwa juu ya meno ya ekseli yaliyochoka, nalo huharibika haraka.

Kwenye mfumo wa Rudge-Whitworth na ule wa Dunlop uliofuata, nati za upande wa kushoto wa gari zina hesi ya kawaida na za kulia zina hesi ya kinyume. Kwa ufupi, sikio la juu likipigwa kuelekea mbele ya gari nati hufunguka, na likipigwa kuelekea nyuma hukaza, pande zote mbili. Mpangilio huo si wa bahati. Koni ya ndani ya nati hukumbatia koni ya nje ya gurudumu. Kwa kuwa mduara wa nati ni mkubwa kidogo, gurudumu likilegea nati hubaki nyuma kidogo ya mzunguko na kujikaza.

Mafundi waliofungua ekseli wakati mwingine hurudisha habu pande zisizo zake. Gari hutembea vizuri mwanzoni, lakini kila mzunguko huisukuma nati kwenda kulegea. Kwa sababu hiyo kuangalia mwelekeo wa hesi ni hatua ya lazima kabla ya kuendesha gari la kale lililofanyiwa matengenezo makubwa.

Umbo la nati nalo lina historia. Kuanzia Januari 1968 sheria ya usalama ya Marekani ilikataza nati zenye mabawa yanayotokeza, kwa ajili ya kulinda watembea kwa miguu. Magari yaliyopelekwa huko yalifungwa nati zisizo na masikio, kama zile za pembe nane za MGB. Wamiliki wengi baadaye waliweka nati za masikio kwa ajili ya uzuri. Gari la 1969 lililouzwa mapya Marekani likiwa na nati za masikio huenda lilibadilishwa.

Vifuniko vinavyoiga spoki

Si kila kinachong'aa kama spoki ni gurudumu la spoki. Kampuni za magari, hasa Marekani, ziliuza vifuniko vya bamba vyenye nyaya za mapambo. Njia rahisi ya kutofautisha ni kutazama upande wa nyuma wa gurudumu: kwenye gurudumu halisi mwanga hupita kati ya spoki na ngoma au sahani ya breki huonekana, na kwenye kifuniko kuna bamba la chuma nyuma ya nyaya.

Badiliko la zamani na badiliko la sasa

Kugundua kwamba gurudumu limebadilishwa hakutoshi. Swali linalofuata ni lini. Gari la mbio lililopewa ringi ndogo na dereva wake mwaka 1935 lina badiliko ambalo ni sehemu ya historia yake. Gari lililopewa ringi kama hizo juzi lina badiliko la aina nyingine. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hutofautisha gari lililobaki la kawaida, lililobadilishwa katika enzi yake na lililobadilishwa baada ya enzi yake.

Umri wa badiliko hukadiriwa kwa kuangalia tabaka za rangi, aina ya kutu, mtindo wa hesi na picha zenye tarehe. Rangi ya zamani iliyo chini ya kichwa cha nati ya spoki ni ushahidi mzuri, kwa sababu haiwezi kufika huko bila kufungua gurudumu. Kinyume chake, chuma kisichokuwa na alama yoyote ndani ya ringi ya gari la miaka 90 kinaonyesha kwamba ringi ni mpya.

Katika maonyesho ya magari, kama Africa Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi, Kenya, magurudumu ni kati ya vitu vinavyoonekana kwanza. Mmiliki anayeeleza wazi kwamba ringi zimebadilishwa kwa ajili ya usalama huwa katika nafasi bora kuliko anayedai uasilia usiothibitika.

Usalama na utunzaji

Gurudumu lililobadilishwa si lazima liwe baya, na la asili si lazima liwe zima. Spoki zenye umri wa miaka 80 zinaweza kuwa zimeliwa na kutu ndani ya nati bila kuonekana. Gurudumu lenye spoki kadhaa zilizokatika au kulegea halipaswi kutumika barabarani hadi likaguliwe, kwa sababu mzigo wa spoki iliyokatika huhamia kwa jirani zake, nazo hufuata moja baada ya nyingine.

Anapofuma upya, fundi mwangalifu huhifadhi sehemu za asili zilizotolewa na kuandika vipimo vya awali. Habu ya zamani yenye muhuri, hata ikiwa haifai tena kutembea, inaweza kumsaidia mchunguzi wa baadaye kujua gari lilivyokuwa. Ringi iliyokatwa na kuchomelewa ili kupunguza kipenyo haiwezi kurudishwa, lakini ringi ya asili iliyofunguliwa nzima na kuwekwa stoo inaweza kufumwa tena.

Tazama pia

- Gurudumu
- Baiskeli
- Tairi
- Ekseli
- Motokaa